Mtangazaji wa Ghala la Mpunga

Kila nilipoalikwa kuzungumza na watangazaji chipukizi, swali la kwanza lilikuwa lilelile: kazi hii nilisomea wapi? Nikawa nawajibu kwamba nilisomea kwenye baraza ya ghala la mpunga, Kyela, enzi za Mwingereza. Walicheka, wakidhani ni utani wa kizee. Sasa nimestaafu na nina nafasi ya kueleza, nami naeleza bila kumwomba radhi mtu.

Mimi ni binti wa Makwale. Baba yangu alilima mpunga na ndizi, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mama yangu alikuwa Mkisi wa mwambao wa ziwa, akaja kuolewa Makwale na ufinyanzi wake mikononi. Kwa hiyo nyumbani nilikua na lugha mbili, Kinyakyusa cha kila siku, na Kikisi pale mama alipokasirika. Kiswahili nilikipata kwa walimu wa misheni, pamoja na fimbo zao. Nilipomaliza darasa la mwisho ambalo msichana aliruhusiwa kumaliza, nilirudi nyumbani kungoja kuolewa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia katika zizi la baba. Mchumba wangu alikuwa kusini, kwenye migodi ya shaba, kama nusu ya vijana wa kwetu.

Ndipo serikali ikaleta redio ya hadhara. Ilifungwa kwenye baraza ya ghala, ndani ya sanduku la mbao lenye mlango na kufuli, na ufunguo akapewa karani wa baraza la wazee. Jua likianza kulegea, karani alifungua sanduku, akazungusha kitufe, na mtu wa Dar es Salaam akaanza kusoma habari. Kiswahili chake kilikimbia kama mtu aliyeiba. Waliokuwa wameleta mpunga kwenye mizani walisimama wakisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza Kilatini, kisha wakaondoka mikono mitupu.

Siku moja nilikuwa pale na mama, tunauza vyungu. Jirani yetu muuza ndizi akanigusa bega.

"Huyo anasema nini?"

Nikamwambia kwa Kinyakyusa. Aliyekuwa nyuma yake akasema hakusikia. Wa nyuma zaidi akapaza sauti, "Panda juu, binti, useme kwa nguvu!" Nikapanda kwenye jukwaa la mizani ya mpunga, nikasema kwa nguvu. Kesho yake walikuwa wananingoja.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Msomaji wa Dar es Salaam hakunisubiri. Ilinibidi niishike sentensi moja mdomoni huku masikio yakipokea nyingine, nipepete pumba nibakize punje. Nilijifunza kwamba ukimtazama aliye mbele yako, wa nyuma anakupotea, bali ukisema na bibi aliyekaa mwisho kabisa, wote wanakusikia. Miaka mingi baadaye, ndani ya studio yenye kuta za sufi, bado nilikuwa nasema na bibi yule.

Karani hakupinga. Nilimpunguzia kazi. Tatizo lilitoka kwingine.

Kwetu mwanamke na baba mkwe hawaonani. Msichana akishaposwa, akimwona mkwe wake njiani anajitupa majanini na kujifunika kanga mpaka apite. Hamtazami, hasemi mbele yake, na hata neno linalofanana na jina lake halitamki maisha yake yote. Tuliposoma misheni tuliambiwa ni mambo ya kale, lakini hata wakristo wazuri waliyashika, baba yangu akiwa wa kwanza. Mkwe wangu alikuwa mkulima wa Katumba Songwe, mtu mrefu mwenye maneno machache, na jina lake lilikuwa karibu sana na neno letu la mto. Kwa hiyo tangu nilipoposwa nikawa siutaji mto. Redio ilipotangaza habari za mito, nilisema "maji yanayotembea", na watu wote walijua kwa nini, wakatabasamu.

Basi siku hiyo nimesimama juu ya mizani, nimefika katikati ya habari ya ugonjwa wa ng'ombe ulioingia wilaya jirani. Nikahisi mtu ananivuta kanga.

"Shuka! Mkwe wako yupo."

Alikuwa ukingoni mwa umati, amekwisha kugeuza uso pembeni. Nilipaswa kushuka mbio na kupotelea nyuma ya ghala. Lakini watu wote pale walikuwa na ng'ombe, na nilikuwa sijawaambia ni dalili gani waziangalie. Nikaivuta kanga, nikajifunika kichwa na uso, nikaugeukia ukuta, nikaendelea. Nilitaja povu la mdomoni, vidonda vya kwatoni, nilitaja mnada uliofungwa. Niliuambia ukuta yote, na ukuta ukawarudishia watu.

Kabla wiki haijaisha, mjumbe alikuja Makwale kutoka kwa mkwe. Alikaa, akanywa, akasema alichotumwa: "Rafiki yako anauliza. Alimposea mwanawe mke, au alimposea tarumbeta?"

Mjumbe alipoondoka, baba aliniita. Mama alikuwa uani anasugua chungu kibichi kwa jiwe, lakini mkono wake ulipungua kasi ili asikie.

"Utaacha," baba alisema.

"Tata, nilifunika uso. Nilimpa mgongo. Heshima gani niliyovunja?"

"Alisikia sauti yako."

"Basi aje siku ambayo sisemi."

"Na siku hiyo ni ipi?"

"Hakuna."

Sijui nilitoa wapi jibu lile. Baba alisimama, na nilifikiri atanipiga. Mama akasema kutoka uani, bila kuinua kichwa, "Nilipokuja kuolewa hapa, dada zako waliniambia mke hasimami sokoni. Chumvi unayokula tangu mwaka ule, nani aliileta?"

Baba aliketi. Baadaye alinipa masharti: siku ambazo mkwe yuko mjini, nisipande mizani. Nilikataa hilo pia. Nilisema nitajifunika, nitageukia ukuta, na asiyetaka kunisikia ana miguu. Baba akaniambia nitazeeka nyumbani kwake. Nikasema nyumba ni nzuri.

Mkwe wangu hakuacha kuja. Alikuwa anapita upande wa nyuma wa ghala, ambako hawezi kuniona wala mimi kumwona, akijifanya anakagua kamba za magunia yake. Wapakiaji waliniambia hakuwahi kuondoka kabla ya habari kwisha.

Masika iliyofuata ilikuwa mbaya. Kwetu mafuriko si jambo geni. Tunajenga tukijua maji yana ratiba yao. Lakini safari ile mto Songwe uliacha njia yake kabisa. Tuliposikia watu wa Katumba Songwe wamekimbilia Busale, mama alipakia ndizi za kuchemsha kwenye vyungu, tukaenda. Tuliwakuta kanisani. Watoto walikuwa wamelazwa kwenye mabenchi, kuku wamefungwa miguu chini ya madhabahu, na akina mama wanaanika nguo kwenye makaburi kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Mpunga ulikuwa umebakiza muda mfupi uvunwe. Sasa ulikuwa chini ya mchanga. Niliuliza kama mtu wa serikali amefika. Mwanamke mmoja akanijibu, "Wewe ndiye wa kwanza mwenye viatu."

Mkwe wangu alikuwa kando ya ukuta wa kanisa, amekaa juu ya mlango wa nyumba yake. Ndicho kitu pekee alichookoa. Nikajifunika, nikapita. Mama alimsalimia kwa niaba yetu sote.

Siku chache baadaye gari la kijani lilisimama mbele ya ghala, na Mzungu kijana akashuka na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa afisa wa habari, ametoka Dar es Salaam kupitia bomani Tukuyu. Kwa kweli alikuwa mpole. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alilijua hilo. Alikuwa amesikia habari za msichana wa mizani, akataka nisome taarifa kwa Kiswahili, kisha niigeuze kwa Kinyakyusa, ili irushwe nchi nzima.

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Ilisema watu wa Kyela wamepokea chakula na mbegu baada ya mafuriko, wamerudi mashambani kwa furaha, na wanaishukuru serikali.

"Jaribu kwanza," alisema.

Nikasoma. Akanisimamisha. "Furaha."

"Fulaha," nikasema. Sisi wa kule ulimi hauna r. Mama zetu hawakutupatia.

"Fu-ra-ha."

"Fu-la-ha."

Umati ulianza kucheka. Akataka tena, na tena. Nikaiweka karatasi magotini.

"Bwana, neno lenyewe si la kweli. Kwa nini tuhangaike na herufi yake?"

Kicheko kilikatika. Karani wa baraza akanitolea macho. Yule kijana alinitazama, kisha akatazama mashine yake. "Wewe soma kama ilivyoandikwa," alisema, na magurudumu mawili ya kanda yakaanza kuzunguka.

Nilisogea kwenye kipaza sauti. Nikasema kwamba niko Kyela, kwamba nimetoka Busale, na nikasema nilichokiona huko: mabenchi, makaburi, mchanga juu ya mpunga. Alizima mashine.

"Tuanze upya."

Tukaanza upya. Nikasema yaleyale, ila safari hii niliyapanga vizuri zaidi. Akazima tena.

"Naweza kumpata mtu mwingine," alisema.

"Mpate."

Alimwita mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alisema ana kikohozi. Hakuwa na kikohozi. Alimwita mwinjilisti, naye akasema yeye husoma Biblia tu. Karani alikuwa tayari, amekwisha kunyoosha mkono kuchukua karatasi, ndipo sauti ikatoka nyuma ya ghala kwa Kinyakyusa:

"Niambieni mashine hiyo inakaa wapi nije niseme nayo."

Watu wakapisha. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nikajifunika kichwa, nikaugeukia ukuta. Nilisikia hatua zake zikija, zikasimama karibu nami kuliko zilivyowahi kuwa, na nikajua kwa kivuli kwamba naye amenipa mgongo. Kipaza sauti kilikuwa katikati yetu.

"Kwa nini hawatazamani?" Mzungu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mkwe wake, bwana," karani akamjibu. "Ni haramu."

"Na bado watasema?"

Mkwe wangu hakumsubiri ajibiwe. Alisema, nami nikawa nayatia maneno yake katika Kiswahili, mgongo kwa mgongo, yeye akiwaambia watu na mimi nikiuambia ukuta.

"Watu husema mto ukifurika huja kama mwizi. Huu ulikuja mchana, tunauona. Tulipiga kelele na hakuna aliyekuja. Mto umeipeleka nyumba yangu ziwani, nimebaki na mlango. Mpunga wangu uko chini ya mchanga. Tunalala kanisani Busale. Chakula cha serikali hatujakiona, mbegu hatujaziona. Ardhi bado ina unyevu, mahindi yangeota. Walete mbegu kabla haijakauka. Nimemaliza."

Kila aliposema mto, alilitaja jina lake mwenyewe karibu zima, na mimi nikasema "mto" kwa Kiswahili bila kosa lolote, kwa mara ya kwanza tangu niposwe. Nilihisi kama nimefunguliwa pingu.

Kisha, bila kugeuka, mkwe wangu alisema, "Mwambieni binti huyo hakulifikisha neno la mwisho. Mimi nilisema walete. Yeye kasema tunaomba walete."

Jirani yetu muuza ndizi akanigeukia na kurudia kwa uaminifu, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa.

"Mwambieni nimesikia," nikasema. Nikakirudia kipaza sauti: "Walete mbegu."

"Hapo sawa," alisema, akaondoka alikotoka.

Ndipo nilipogeuka na kuona magurudumu ya mashine bado yanazunguka. Yule kijana hakuizima. Sijawahi kujua sababu. Alifunga vitu vyake, akanipa mkono, akaenda zake.

Baada ya kitambo tulisikia sauti zetu zikitoka kwenye sanduku la redio. Walikuwa wametukata vibaya. Kelele zetu ambazo hazikuitikiwa hazikuwamo, wala chakula ambacho hakikuonekana. Lakini mlango ulikuwamo, na mchanga ulikuwamo, na mwisho kabisa sauti yangu ikasema "Walete mbegu," neno ambalo l yetu ndiyo sahihi, nchi nzima ikasikia. Nyuma ya ghala nilisikia mtu anapiga kofi moja tu, zito, kwenye gunia.

Lori la mbegu lilikuja kutoka Tukuyu. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alisema lilikuwa limepangwa tangu zamani. Sawa. Mahindi yaliota hivyohivyo.

Malipo yangu nayo yalikuja. Karani alitangaza kwamba ni marufuku mtu yeyote kutafsiri redio ya serikali, na siku iliyofuata akasimama mbele ya mizani na fimbo. Sikugombana naye. Nilisimama mbali, kwenye baraza ya duka la kitambaa, nikasikiliza habari zote kimya. Asubuhi nikaenda sokoni, nikakaa katikati ya wauza ndizi, nikasema nilichosikia. Karani akanishtaki kwa chifu, kwenye baraza la wazee. Chifu alikuwa mzee aliyechoka na kesi za mipaka ya mashamba.

"Kosa la binti huyu ni nini?" aliuliza.

"Kusambaza habari," karani alisema.

"Habari za nani?"

Karani akageukia makaratasi yake. Nikamjibia: "Za serikali, mkubwa wangu."

Chifu alimtazama karani muda mrefu. Akaniambia niende nyumbani nikawe na adabu. Nilikwenda nyumbani. Siku ya soko iliyofuata nilikuwa katikati ya ndizi, na chifu mwenyewe alimtuma mtu kuja kuuliza kama kuna jipya.

Mchumba wangu alirudi kutoka migodini mwaka ambao kituo cha Dar es Salaam kilianza kutafuta sauti za wanawake. Mwalimu wangu wa misheni ndiye aliyeniletea habari. Mchumba alikuja Makwale amevaa kofia ya kusini, tukakaa uani.

"Unakwenda kweli Dar es Salaam?" aliniuliza.

"Nakwenda."

"Na mimi je?"

"Wewe ulipokwenda shaba, nani alikuuliza?"

Alicheka hadi kofia ikamdondoka. Wajomba zake walitaka ng'ombe warudishwe, lakini baba yake akatuma neno kwamba ng'ombe wabaki pale walipo, na anayetaka kuwagusa aje azungumze naye. Tulifunga ndoa kanisani Makwale, na mume wangu akanifuata Dar es Salaam, akapata kazi bandarini. Watu walisema ameolewa. Alisema hata kama ni hivyo, ameolewa vizuri.

Kituoni mkuu wa vipindi alinisikiliza akasema sauti ni nzuri, ila ile l ingenigharimu. Nilijifunza r. Si ngumu, ni kutetemesha ncha ya ulimi tu. Kwenye taarifa ya habari niliitumia kama kila mtu. Lakini siku ya kwanza waliponipa kipindi changu mwenyewe, cha akina mama, taa nyekundu ilipowaka niliwaza nani hasa amekaa mwisho kabisa wa nchi hii akinisikiliza, nikaanza kwa kuwasalimia watu wa kwetu kwa Kinyakyusa, na ndugu wa mama yangu kwa Kikisi. Kiswahili kilifuata.

Mkuu aligonga kioo kwa pete yake. Kipindi kilipokwisha, aliniita ofisini.

"Hiki ni kituo cha Tanganyika nzima," alisema.

"Kyela nayo ni Tanganyika, bwana," nikamwambia, "isipokuwa kama mmeihamishia ng'ambo ya Songwe, Nyasaland, bila kutuambia."

Alinipa onyo, akasema likitokea tena nitaondoka. Kipindi kilichofuata taa nyekundu iliwaka, nikawasalimia tena, polepole zaidi, mmoja mmoja, na nilipomaliza nikamtazama mkuu kupitia kioo mpaka yeye akatazama pembeni.